Waliohusika kwa Ujumla

Neno lenyewe tulilisikia Ijumaa, kwenye mkutano wa kijiji, na lilipotoka kinywani mwa Mzee Nyamhanga lilitoka kwa shida, maana halikuwa lake. Lilikuwa la mtendaji wa kijiji.

Tulikuwa tumeitwa kwa sababu ya maksai wa Mogesi. Mogesi ni mjane, mji wake, yaani boma lake, uko chini ya wangu, na alikuwa na jozi moja tu ya maksai wa kulimia. Mmoja aliibwa zizini mvua ikinyesha. Kesho yake wachungaji walikuta kichwa, kwato na ngozi korongoni, upande wa kuelekea hifadhini. Nyama haikuwepo. Huku kwetu Machochwe ng'ombe akiibwa wanaume hufuata nyayo, na wakifika kijiji zinakoishia huuliza hapohapo. Safari hii nyayo hazikutoka hata nje ya kitongoji. Maksai alichinjwa kwetu na akaliwa kwetu.

Ndipo wazee wakaamua kiapo. Mimi ni mtu wa kanisani, nimebatizwa na sare ya kwaya ninayo, lakini siwezi kusema kiapo cha Mzee Nyamhanga ni mchezo. Nimeona miji iliyocheza nacho. Kina sehemu mbili. Siku ya kwanza anakifungua, anataja kosa na watu ambao kitawapata, halafu watu wanaachwa, mwenye la kusema aje aseme. Siku ya pili anakifunga. Kikishafungwa hakuna wa kukirudisha, hata yeye mwenyewe.

Zamani kilisemwa Kikurya tu. Lakini sasa kijijini tuko na Waikoma, Wangoreme, Wajaluo, na mtendaji wetu Telesphory ni kijana wa Muleba aliyeletwa na serikali. Alisema jambo la watu wote lisemwe kwa lugha ya wote, asije mtu akadai hakusikia. Wazee wakakubali. Wakakaa naye pembeni, wakapanga maneno, yeye akawasaidia Kiswahili. Kisha Mzee Nyamhanga akasimama katikati na fimbo yake.

"Aliyemwiba maksai huyu," akasema, "na waliohusika kwa ujumla, na nyumba zao, kisiwaachie kinachotembea wala kinachotarajiwa kutembea."

Wanaume wakaitikia kwa sauti moja. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu chini. Gati, mke wa mwanangu Nchagwa, alikuwa mbele yangu, ameegemea magoti yangu kwa sababu ya uzito wa mimba yake. Nilisikia mgongo wake umekakamaa. Nikadhani ni mtoto anageuka.

Tulirudi nyumbani. Gati alipoinjika sufuria ya maji ya ugali hakuniangalia.

"Mama, kwa ujumla maana yake nini?"

"Maana yake ni wote."

"Wote walioiba, au wote wote?"

"Sasa hilo muulize aliyelisema. Kwani vipi?"

Akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Ulipokuwa msibani Morotonga, sisi tulikula nyama."

Nilikuwa nimekwenda Morotonga kumzika dada yangu, nikakaa huko mpaka matanga yalipokwisha. Jua lilikuwa bado liko juu. Nikatoka nje, nikamwita Nchagwa aliyekuwa anarekebisha ua wa zizi, aje jikoni, afunge na mlango.

"Nyama gani mliyokula mimi sipo?"

"Ile ya Mseti," Gati akamjibia.

"Ile ilikuwa nyumbu," Nchagwa akasema haraka.

"Mseti alikwambia ni nyumbu?"

"Alisema nyama. Alikuja nayo kwenye mfuko wa sandarusi, akasema, mura mwenzangu, chukua nyama, mpikie huyo mjamzito, ulinisaidia kuezeka. Basi. Mama, nani huku anaita nyumbu kwa jina lake?"

Hapo alisema kweli. Tunaoishi ukingoni mwa hifadhi hatulitaji jina la mnyama wa porini kwa sauti, maana ukilitaja umejifunga mwenyewe. Tunasema nyama. Swala ni nyama, nyumbu ni nyama, na mwenye akili haongezi swali.

"Mafuta yake yalikuwa ya njano," Gati akasema. "Nyumbu hana mafuta yale."

Nchagwa akamgeukia. "Uliona, ukanyamaza?"

"Nilikuwa na hamu, baba. Nilijiambia nyama ni nyama."

Tukakaa. Maji yalichemka, hakuna aliyetia unga. Mimba hiyo ya Gati haikuwa ya kwanza. Zilizotangulia hazikufika, na ya mwisho ilimtoka akiwa tayari amenunua beseni la kuogeshea. Hii ilikuwa imefika mahali ambapo zile hazikufika, na tulikuwa hatuizungumzii sana, tusije tukaishtua. Sasa mtu mzima amesimama mbele ya kijiji kizima amesema kisiachwe kinachotarajiwa kutembea.

"Nenda kaseme," nikamwambia mwanangu. "Bado hakijafungwa."

"Niseme nini? Nikisema nilikula ila sikujua ni ng'ombe, wataniuliza nilidhani ni nini. Nijibu nilidhani ni nyumbu? Mbele ya mtendaji na mgambo? Nyumbu ni jela, mama. Tena si jela ya kwenda na kurudi."

"Mtaje Mseti."

"Mseti ni mtoto wa dada yake Mzee Nyamhanga. Atakataa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekutwa na nyama. Unajua wanavyompiga mtu hapa kabla hajamaliza sentensi." Akashika kichwa. "Halafu sisi hatukuhusika. Kula si kuhusika."

"Na hilo la kwa ujumla?" Gati akauliza.

Nikasema nitauliza mimi. Bibi kizee akiuliza maana ya neno hakuna anayemshangaa.

Kiapo kilikuwa kifungwe Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ni ya Wasabato na Jumapili ni yetu sisi wengine. Wazee walilalamika kwamba dini zimempa mwizi likizo. Jumamosi asubuhi nilimkuta Telesphory nyuma ya ofisi ya kijiji, ambako ana chumba, anafua mashati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtendaji. Huna mke wa kukufulia?"

"Mahari kwenu ni ng'ombe wengi, bibi. Mshahara wangu haufiki hata pembe."

Nilicheka, nikakaa kwenye ndoo aliyonigeuzia. Nikamwambia sisi tulioishia darasa la saba kuna maneno yanatupita. Hili la kwa ujumla alilompa Mzee, ndilo nini hasa?

Alifurahi. Watu huja kwake kuulizia mipaka ya mashamba, hawaji kuulizia maneno. Akakamua shati, akaanika, akarudi akichuchumaa.

"Kwa ujumla ni kusema kitu bila kukichambua kimoja kimoja. Nikisema mvua mwaka huu kwa ujumla ni nzuri, sijasema kila shamba limepata. Nimeangalia zote kwa pamoja."

"Kumbe wengine wanaweza kuwa hawamo?"

"Hapo, ndiyo. Lakini ukisema wakazi wa kijiji kwa ujumla wanaitwa mkutanoni, umewaita wote, hata yule usiyemjua jina." Akafikiri. "Umewahi kununua Bomani, Tarime, kwenye duka la jumla?"

"Mara nyingi. Hawakufungulii katoni."

"Basi. Rejareja unachagua sabuni moja, unainusa, unarudisha. Jumla unabeba katoni, iliyovunjika imo na nzima imo."

"Kwa hiyo kiapo hiki ni cha jumla. Si cha rejareja."

Akacheka, halafu alipoona sicheki akaacha. "Mimi niliwaandalia 'aliyeiba na walioshirikiana naye'. Mzee Nyamhanga akasema hapana, anataka neno pana, asibanduke mtu. Nikampa hilo. Bibi, ofisini tunalitia kila mahali, kama chumvi. Sikujua kwenye kiapo lina uzito gani."

"Mtu aliyekula bila kujua, yumo?"

Sasa akaniangalia vizuri. Povu lilikuwa linakauka mikononi mwake.

"Kwa maana ya neno, yumo," akasema polepole. "Kuna aliyekula?"

"Nimeuliza neno tu, mwanangu."

"Kama kuna aliyekula, aniambie mapema. Jumatatu watu wakishapandisha hasira, mimi na mgambo wawili hatutoshi."

"Neno si lako? Lichukue."

"Nilishalitoa, bibi. Kiapo ni cha Mzee. Mwombeni yeye abadilishe kabla hajafunga."

Nilirudi na jibu hilo na lilikuwa baya kuliko kukosa jibu. Jumapili Gati hakuweza kula. Jioni alilalamika mgongo, tukaangaliana. Nilimkanda kwa maji moto. Nchagwa alikaa mlangoni, kila mara anaingia anauliza, "Bado unauma?" na anatoka. Asubuhi maumivu yalikuwa yametulia, na Gati akavaa kitenge chake kizuri. Nikamwambia abaki. Akasema, "Wakinitaja nisiwepo?"

Jumatatu watu walikuwa wengi kuliko Ijumaa. Vijana walikuja na fimbo. Mseti alikuwa katikati yao, amevaa koti jipya la mvua, anatania wenzake, anacheka. Alipomwona Nchagwa alimpungia mkono. Nchagwa naye akampungia. Nilimwonea mwanangu huruma, nikamwonea na hasira.

Mzee Nyamhanga alisimama. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama mimi.

"Mzee, shikamoo. Nina ombi dogo. Hilo neno la Ijumaa, la kwa ujumla, naomba liondolewe. Mtaje aliyeiba. Mtaje aliyechinja, aliyeuza. Lakini hilo neno linaokota na wasiojua."

Kukawa na minong'ono. Mzee alikunja uso.

"Mama Nchagwa. Mogesi aliyeibiwa amekaa kimya. Wewe neno linakuwashia wapi?"

Watu wakacheka, cheko lile lisilo zuri. Kijana mmoja akasema kwa nyuma, "Mwulizeni kwanza kwake walikula nini!" Nikatazama upande wa wanaume. Nchagwa alikuwa ameinamisha kichwa. Mseti hakuwa anacheka tena.

"Linawasha kila mtu mwenye watoto," nikasema. "Hata wewe una ndugu wengi, Mzee. Unajua kila mmoja amekula wapi?"

Akaitazama fimbo yake. Fimbo ikahama kutoka mkono huu kwenda ule. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba mzee huyu anajua, au ana wasiwasi, na kwamba neno lile pana alilitafuta kwa sababu lingemfanya asitaje mtu. Ukiwalaani wote hukumlaani wa kwako.

"Kaa chini, mama," akasema. "Kiapo hakipunguzwi bei."

Nikakaa. Akainua fimbo kwa mikono miwili, na wanaume wakasimama, tayari kuitikia.

"Aliyemwiba maksai huyu," akaanza, "na waliohusika—"

"Mimi nilikula."

Gati alikuwa amesimama. Sikumwona akinyanyuka, na kwa tumbo lile si jambo jepesi. Mwanamke hasimami mwanaume akiwa ameinua fimbo. Hata watoto waliokuwa wanacheza mbali waliacha mchezo.

"Nilikula nyama ya maksai wa Mama Mogesi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikujua. Halafu niliona mafuta, nikashuku, nikala. Ni mimi. Jina langu ni Gati. Usiseme kwa ujumla. Nitaje."

"Nani alikupa?" Hiyo ilikuwa sauti ya vijana, na walikuwa tayari wanasogea.

"Mume wako yuko wapi? Nchagwa, mura, umejificha kwenye gauni?" mwingine akapiga kelele.

Mwanangu akatoka kwenye mstari wa wanaume akaja akasimama mbele ya mke wake. Fimbo moja ilimpata begani kabla hajafungua mdomo. Mgambo wakaruka kati. Telesphory naye akaingia na mikono juu, shati lake jeupe, anapiga kelele, "Asikilizwe! Asikilizwe kwanza!"

"Mimi nilileta nyama nyumbani," Nchagwa akasema. "Nilipewa. Nilidhani ni nyumbu."

Kicheko kikapasuka, hata miongoni mwa waliokuwa na fimbo. "Nyumbu! Mbele ya mtendaji! Bora ungesema umeiba ng'ombe, mura!" Kicheko kile ndicho kilichomwokoa, nadhani, maana ni vigumu kumpiga mtu unayemcheka. Lakini Telesphory hakucheka. Nilimwona amefumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia alichoomba asikisikie.

"Alikupa nani?" Mzee Nyamhanga akauliza. Fimbo ilikuwa bado juu, mikono imeanza kuchoka.

"Mseti."

"Mseti yupi?"

"Mseti wako."

Watu waligeuka wote kwa pamoja, na koti jipya la mvua halikuwa tena pale. Lilikuwa linashuka mteremko kuelekea korongoni. Vijana wakamfuata, mgambo mmoja nyuma yao akiwapigia filimbi wasimguse. Walimpata kwenye maji. Aliporudishwa alikuwa amepasuka mdomo, na koti lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, lakini alikuwa anatembea kwa miguu yake. Hakukataa. Alisema alikuwa na mwenzake wa kutoka ng'ambo ya hifadhi, na nyama nyingine ilishauzwa Mugumu.

"Funga kiapo, Mzee!" vijana wakapiga kelele. "Sasa una jina! Mtaje!"

Mzee Nyamhanga alimwangalia mtoto wa dada yake. Akashusha fimbo.

"Mpelekeni serikalini," akasema.

"Ijumaa ulikuwa na mdomo mpana!" mtu akamrushia.

Mogesi, ambaye tangu Ijumaa hakuwa amefungua kinywa, akasimama akajipangusa nguo. "Mimi sitaki kiapo," akasema. "Mvua imeshaanza na nina maksai mmoja. Ng'ombe mmoja halimi. Nataka ukoo wa Mseti unipe wa kumfunga naye, leo. Hayo mengine malizeni wenyewe."

Watu wakaanza kutawanyika wakibishana ni ng'ombe gani atatoka zizi gani. Telesphory alimwambia Nchagwa kwa upole kwamba itabidi waende wote polisi Mugumu, atoe maelezo, na kwamba la nyumbu yeye hawezi kulisahau kwa sababu limesemwa mbele ya kijiji kizima, ila ataeleza alivyojitokeza mwenyewe. Mwanangu akaitikia kwa kichwa. Nilikwenda kumshika mkono.

Gati hakuondoka. Alibaki amesimama palepale, mbele ya Mzee Nyamhanga aliyekuwa anatafuta kofia yake.

"Hakijafungwa," Gati akamwambia, "lakini hakijafutwa. Ijumaa ulisema wote. Nitoe."

"Mwanangu, nimeshaachana nacho. Kimekufa."

"Wewe umeachana nacho. Mimi ndiye nitakayelala nacho. Ulituingiza wote kwa neno moja, sasa nitoe mimi kwa jina langu, watu wakiwa bado wapo."

Mzee alitazama huku na huku. Waliokuwa wanaondoka walisimama. Nilidhani atamfukuza, na nilikuwa tayari kumfuata mpaka kwake. Lakini alivaa kofia, akaivua tena, akasogea akaweka ncha ya fimbo chini mbele ya miguu ya Gati. Hakutumia Kiswahili cha mtendaji. Alisema Kikurya, polepole, akamtaja Gati, akamtaja baba yake Gati, akamtaja Nchagwa, na mtoto ambaye hajapewa jina akamtaja kwa tumbo alimo. Akasema hawa hawamo. Akarudia. Hakuna aliyeitikia, maana hatukujua kama jambo kama hilo huitikiwa, mpaka Mogesi akaitikia peke yake.

Gari la polisi lilikuja likawachukua Mseti, Nchagwa na mtendaji. Gati aliliangalia mpaka likapinda. Nikamwambia twende, akasema subiri, mgongo. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, mkono mmoja chini ya tumbo, na mimi nikaketi kando yake nikimsikiliza anavyopumua. Niliogopa kumwuliza. Baada ya muda akasema, "Ni yeye anapiga teke tu," akafuta jasho.

Mogesi alipita akiwa na kamba mkononi, anakwenda kuchukua ng'ombe wake mpya. Akasimama mbele yetu. Nikajua anataka kusema jambo, nikajiandaa kumwomba msamaha, lakini yeye alikuwa anamwangalia Gati.

"Alikuwa laini?" akauliza.

Gati akababaika. "Nani, mama?"

"Maksai wangu."

"Alikuwa laini," Gati akasema, na ndipo machozi yakamtoka.

Mogesi akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nampa mabua ya mahindi na chumvi. Mwenzake alikuwa hapati." Akaikunja kamba vizuri, akaitupia begani, akaenda zake.